Mbwa Huyu Hana Kichaa, Hana Kazi

Mhariri alituomba tuandike maoni kuhusu jambo lolote linalotukera moyoni. Naona wengi wameandika juu ya foleni ya chakula cha mchana, karo, na wale wa kidato cha nne wanaojifanya viranja hata wakiwa njiani kwenda nyumbani. Mimi naandika juu ya mbwa. Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, lakini msifunue ukurasa.

Mtakumbuka kwamba muhula wa kwanza chama chetu kilikuwa na mdahalo uliosema, "Mbwa wa kigeni ni bora kuliko mbwa wa kienyeji." Nilikuwa mzungumzaji mkuu wa upande wa kuunga mkono. Tuliwashinda wapinzani vibaya sana, na sababu si kwamba nilikuwa na hoja. Sababu ni kwamba nyumbani kwetu tulikuwa na mbwa wa kigeni na wao hawakuwa naye. Nilisimama mbele nikamsifu Bosco wetu: rangi yake, masikio yake yaliyosimama wima, na vile anavyomkazia macho mgeni hadi mgeni mwenyewe anarudi alikotoka. Makofi yakapigwa. Haukupita mwezi, Bosco huyo huyo akahukumiwa kufa, na mimi niliyemsifu ndiye niliyeshikilia kamba.

Kwa hiyo leo nairudisha ile hoja yangu. Sisemi sasa kwamba mbwa wa kienyeji ndiye bora, la hasha. Ninachosema ni kwamba swali lenyewe lilikuwa bovu (mwalimu mlezi anisamehe, maana ni yeye aliyelitunga). Kabla ya kuuliza mbwa anatoka wapi, tuulize alizalishwa kwa ajili ya kazi gani, na wewe unayemtaka unayo kazi hiyo au huna.

Mjomba wangu huchunga ng'ombe katika ranchi moja huku kwetu Laikipia. Mwenye ranchi alikuwa na mbwa wawili, dume na jike, wa aina inayoitwa Australian Cattle Dog, yaani mbwa wa ng'ombe wa Australia. Wengi humwita Blue Heeler, jina linalotokana na kisigino, na mtaona baadaye kwa nini. Yule jike alipozaa, mjomba akapewa kilebu mmoja kama asante, naye akatuletea sisi. Aliletwa akiwa na wiki nne tu. Sasa najua hilo lilikuwa kosa la kwanza, kwa sababu kilebu anafaa kukaa na mamake hadi wiki nane hivi, anyonye na afunzwe na ndugu zake kwamba kuuma kunauma.

Bosco alikuwa mweupe, isipokuwa baka jeusi kwenye jicho moja. Baba alifurahi. Baada ya wiki chache vidoadoa vyeusi vikaanza kutokea kama mtu aliyenyunyiziwa wino, na alipofika miezi mitatu mbwa wetu mweupe alikuwa na rangi ya buluu iliyochanganyika na kijivu. Jirani mmoja akasema ameota ukungu. Mama akamwogesha kwa sabuni ya kufulia, mara mbili, wapi! Rangi haikutoka. Kumbe ndivyo walivyo. Wote huzaliwa weupe, wakiwa na mabaka tu kama yapo, kisha rangi hujitokeza yenyewe, ama ya buluu ama nyekundu. Wale wenye wadogo wao nyumbani wanaotazama katuni ya Bluey, iliyoanza kuonyeshwa Australia mwaka wa 2018, wanamjua mbwa huyu bila kujua kwamba wanamjua. Bluey ni wa buluu na mdogo wake Bingo ni mwekundu.

Asili yake ni hii. Katika karne ya 19 wafugaji wa New South Wales walikuwa na ng'ombe wengi, malisho yasiyo na ua na wachungaji wachache. Ng'ombe wenyewe walikuwa nusu mwitu. Kuwafikisha sokoni kulimaanisha kuwaswaga mamia ya kilomita juani, na mbwa waliotoka Uingereza hawakuwa wamezoea joto hilo wala masafa hayo. Mfugaji mmoja aitwaye Thomas Hall, ambaye jamaa yake ilikuwa na mashamba katika bonde la mto Hunter, akachukua mbwa wa kuswaga ng'ombe kutoka Northumberland huko Uingereza akawazalisha na dingo, yule mbwa mwitu wa Australia, ambao alikuwa amewafuga. Kufikia miaka ya 1840 alikuwa amempata mbwa aliyemtaka. Jamaa ya Hall iliwaweka mbwa hao karibu kama mali ya nyumba, na ni baada ya yeye kufariki mwaka wa 1870 ndipo walipoenea kwa wengine.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kesi ya Bosco ilipo. Mbwa aliyetafutwa na Hall si wa kusimama mbali akibweka. Ni mbwa wa kuja kimya kutoka nyuma, kumbana ng'ombe kisigino kwa meno, kisha kulala chini papo hapo ili teke lipite juu ya kichwa. Yule mzoefu huuma mguu uliobeba uzito, kwa sababu mguu huo hauwezi kurusha teke mara moja. Hiyo si hasira, jamani. Ni ufundi, na umo katika damu. Hakuna aliyemfundisha Bosco. Alikuwa na miezi minne nilipomwona akiwasukuma kuku wa Mama hadi pembe ya ua, kisha analala chini akiwatazama, wala hakumla hata mmoja.

Na si mbwa mkubwa mnavyodhani. Dume hufika sentimita 46 hadi 51 begani, na uzito ni kama kilo 15 hadi 22. Manyoya yake ni ya tabaka mbili, ya nje magumu yasiyopitisha mvua upesi na ya ndani mafupi mororo. Akili anayo tele, tena ile akili ya mtu mtundu anayemaliza hesabu dakika ya kumi halafu anaanza kusumbua darasa zima. Hujishikiza kwa mtu mmoja na kumfuata hata chooni. Wageni hawaamini. Maumivu hayaonyeshi, kwa hiyo anaweza kuendelea kufanya kazi huku ameumia na wewe usijue. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtaja mmoja wao aliyeitwa Bluey, si yule wa katuni, aliyezaliwa mwaka wa 1910 huko Victoria na kufa mwaka wa 1939, akiwa na miaka 29 na miezi mitano. Huyo aliswaga ng'ombe na kondoo kwa karibu miaka 20. Wengi hawafiki hapo, huishi miaka 12 hadi 15 hivi, lakini nikimfikiria mzee huyo najiuliza angefika wapi kwa mnyororo wetu.

Ndiyo, mnyororo. Kwetu tuna robo ekari na ng'ombe mmoja anayelishwa zizini. Ng'ombe huyo haendi popote, hivyo hana haja ya kuswagwa. Bosco alipofika miezi mitano alifungwa kwa mnyororo wa mita mbili chini ya ghala la mahindi. Baba ana imani, na si yeye peke yake hapa kijijini, kwamba mbwa akizoea watu hawezi kulinda. Mimi nilikuwa naondoka saa kumi na mbili asubuhi kuja shuleni na kurudi saa kumi na mbili jioni. Chakula chake kilikuwa ugali uliobaki. Maji aliwekewa akikumbukwa.

Mbwa aliyezalishwa ili atembee kutwa nzima nyuma ya mifugo, sasa anazunguka nguzo. Alichimba mashimo. Alitafuna mlango wa ghala. Usiku akifunguliwa, alikuwa kama aliyekatwa breki: anaswaga paka, anaswaga baiskeli ya Baba, anamzunguka ng'ombe wetu zizini hadi ng'ombe akawa anabana maziwa asubuhi. Kila alipofanya hivyo alichapwa, na aliyetumwa kumchapa ni mimi. Nilimchapa kwa kipande cha mpira wa maji. Sioni haja ya kuficha. Tulikuwa tukimpiga kwa sababu anafanya kazi yake.

Jumamosi moja alikata mnyororo. Mtoto wa jirani, wa miaka sita, alikuwa anapita langoni akikimbiza gurudumu. Kitu kinachokimbia, miguu miwili, visigino viwili: Bosco akatoka mbio na kumbana kisigino. Mtoto akaanguka, damu ikatoka. Mamake akapiga ukemi, na kufumba na kufumbua watu wakajaa, mawe mkononi, wakisema, "Ana kichaa! Ana kichaa!" Nilimshika Bosco kwa kamba nikamfunga mtini, si kwa kumwokoa, bali kwa sababu mzee wa kijiji aliniambia, "Kijana, mshike asitoroke." Mtu mmoja akaenda kuchukua jembe.

Mama ndiye aliyefanya la maana. Alimchukua yule mtoto hadi kwenye mfereji, akamwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, mtoto analia na mamake anauliza hizo ni dawa gani. Kisha wakaenda hospitalini siku hiyo hiyo kuanza sindano. Mkisahau yote niliyoandika hapa, hilo msilisahau. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo. Kabla ya dalili, sabuni, maji na sindano huokoa.

Mzee wa kijiji akauliza kadi ya chanjo. Kadi haikuwepo. Hapa ndipo ilipo siri ambayo sikuitoa siku ya mdahalo. Gari la chanjo lilikuja sokoni mwezi mmoja kabla, Baba akanipa kamba na kuniambia nimpeleke Bosco, nami siku hiyo nilikuwa na mechi. Nikarudi nikasema tumekuta wamemaliza dawa. Uongo mtupu. Mbele ya umati ule niliinamisha kichwa na Baba akaelewa bila kuambiwa.

Mjomba ndiye aliyempigia simu daktari wa mifugo. Daktari akasema mbwa asiuawe. Afungiwe mahali salama, atazamwe kwa siku kumi. Mbwa anayeambukiza kichaa kwa mate yake siku anapouma, huugua au kufa ndani ya siku hizo. Mtoto naye aendelee na sindano bila kungoja matokeo. Mzee wa kijiji akakubali kwa shingo upande, akatuwekea sharti: akiuma mtu mwingine kabla ya mwaka kuisha, hakuna mjadala.

Siku kumi zile sizisahau. Tulimfungia kwenye banda la zamani la mbuzi, nami nikawa nasukuma bakuli kwa fimbo ndefu. Siku ya nne alipiga chafya mara tatu na sikulala usiku kucha. Siku ya kumi daktari alipokuja alimkuta mzima, anatingisha mkia, amechimba shimo ambalo lingetosha kuzika meza. Akacheka. Akamdunga chanjo, akanigeukia mimi na kusema, "Huyu hana kichaa, hana kazi." Kichwa cha makala haya nimekiiba kwake.

Mambo ya utunzaji aliyonieleza siku hiyo si ya kitajiri, ila yanataka mtu asiyesahau. Chanjo ya kichaa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Zipo nyingine za magonjwa yanayoua vilebu, na hizo huanza mapema zaidi. Dawa ya minyoo kwa wakati wake. Kupe watafutwe kwa vidole, ndani ya masikio, kwenye makwapa na katikati ya kucha, hasa mbwa anayelala karibu na ng'ombe. Manyoya yapigwe brashi mara moja kwa wiki, na zaidi wakati wa kupukutika. Kuoga si lazima kila mara, Mama asikie. Mifupa iliyopikwa asipewe, huvunjika vipande vikali na kutoboa matumbo. Maji safi yawepo wakati wote.

Lingine ni la kuchinja. Ukiona mapafu au maini ya mbuzi au ng'ombe yana vifuko vya maji, usimtupie mbwa, yachome au uyafukie shimo refu. Vifuko hivyo vina minyoo ambao hukomaa ndani ya mbwa, kisha mayai yake humrudia binadamu na kumfanyia uvimbe mkubwa tumboni. Ndugu zetu wa Turkana wameteseka sana na ugonjwa huu, mpaka shirika la AMREF likaanzisha mpango wa kuupiga vita huko miaka ya 1980. Mbwa hana kosa. Aliyetupa ndiye.

Tena baadhi ya mbwa wa aina hii huzaliwa viziwi, sikio moja au yote mawili. Kabla ya kumchapa kilebu "asiyesikia", piga makofi nyuma yake uone kama atageuka. Bosco anasikia, tena anasikia sufuria ikifunuliwa akiwa nyuma ya zizi. Ila nawaza ni wangapi wamepigwa kwa ukaidi usiokuwepo.

Najua kuna atakayesema, "Sisi tuna njaa na karo, na huyu anatuletea haki za mbwa." Yule mama jirani aliniambia hivyo kwa maneno makali zaidi, na sikuwa na jibu. Kisigino cha mwanawe ni kisigino, historia ya Australia haikipozi. Lakini tazameni: kama Bosco angekuwa na chanjo na kazi, mama huyo asingepoteza siku za kazi akipanga foleni hospitalini. Tunapomtunza mbwa tunawatunza na watoto wa jirani. Kenya ina mpango wa miaka 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa, na nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Asilimia hiyo haipatikani ofisini. Inapatikana kwa vijana kama mimi kuacha mechi siku moja.

Hapo ndipo ninapomrudia mbwa wa kienyeji, yule niliyemtukana kwenye mdahalo. Nimewahi kulala kwenye boma la mjomba. Wachungaji wa huku hawahitaji mbwa wa kuuma visigino. Mchungaji mwenyewe hutembea na ng'ombe, wanamjua sauti na mluzi, na fimbo yake mara nyingi haigusi mtu. Wanachohitaji ni mbwa wa kuamka usiku fisi au chui akinusa boma. Kazi hiyo mbwa wa kienyeji anaiweza, akiwa na miguu myembamba na manyoya mafupi, anakula kidogo na kulala nje. Hana jina la aina yake kwenye kitabu chochote, na kwa sababu hana jina hatumpi chanjo wala maji. Yule wa kigeni tunamnunua kwa sifa kisha tunamfunga. Sijui ni nani kati yao amedhulumiwa zaidi.

Ombi langu kwa anayeuza au kugawa kilebu ni kwamba aseme kazi yake kabla ya kusema bei. Kwa chama chetu, naomba siku ya chanjo ikija tena tuwe pale, tuandike kadi na kuwasaidia wazee wenye mbwa wakali. Mwandiko wetu si ndio tunaosifiwa nao?

Bosco hafungwi tena mchana. Baba alimzungushia ua wa nyuma kwa waya na fito. Mimi huamka saa kumi na moja, nakimbia naye kwa kamba hadi mtoni na kurudi kabla ya kuja shuleni, ndiyo sababu mnaniona nikisinzia kipindi cha kwanza. Namfundisha neno moja, "Wacha," kwa vipande vya ugali, si kwa mpira wa maji. Kurudi mara moja amejua. Kuacha kisigino bado anafikiria. Jumamosi tunakwenda kwa Babu, ambaye ana ng'ombe kumi na wanne na mguu mbovu. Huko Bosco huwaleta zizini jioni bila kelele, halafu analala chini mlangoni akiwahesabu kwa macho. Babu hakutaka hata kumwona mwanzoni. Sasa ananiuliza katikati ya wiki kama mbwa wake hajambo.

Yule mama bado huvuka barabara akituona. Mwanawe husimama nyuma ya gauni lake na kupunga mkono, kwa Bosco, si kwangu. Sharti la mzee wa kijiji linaisha Desemba, na Baba amesema likiisha salama atauza ule mnyororo kwa watu wa chuma chakavu. Nimehesabu kwenye kalenda, zimebaki wiki saba.